Mwalimu Mnasihi na Shahada ya Uzamivu

Mtoto akipatwa na homa twajua pa kumpeleka. Lakini mtoto asiyesoma, au aliyeanza kuwa mkimya ghafula, au atorokaye shule kila Jumatatu, humpeleka kwa nani? Wengine humpeleka kwenye fimbo, wengine kwa mganga. Ulimwenguni iko kazi maalumu kwa ajili ya mtoto huyo, nayo ni ya mwanasaikolojia wa shule, yaani mtu aliyesoma elimu ya nafsi akaitumia kuwachunguza na kuwasaidia wanafunzi. Baraza la mji wa London lilimwajiri wa kwanza wao, Cyril Burt, mwaka 1913. Na tangu mwaka 2006 huko Uingereza anayetaka kuingia kazi hiyo husoma miaka 3 mpaka apate shahada ya udaktari. Wale waliokuwa kazini tangu zamani nao walifunguliwa mlango wa kuisoma bila kuacha kazi zao.

Kwetu Tanzania, katika shule nyingi mzigo huo huubeba mwalimu wa ushauri nasaha, naye ana vipindi vyake vya kufundisha kama wenziwe. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne, madarasa yakafurika. Mwaka 2021 Waraka wa Elimu Namba 2 ukawaruhusu warejee shuleni waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliozaa. Yote mawili ni heri tupu, ila yamemwongezea mwalimu huyu watu mlangoni.

Hapa Ilomba, katika jiji la Mbeya, tunaye jirani wa namna hiyo, bibi mwenye shahada ya uzamili na miaka mingi ya kazi. Jioni moja baada ya sala ya Magharibi alikuja kwetu pamoja na mumewe kutaka shauri. Bibi alitamani kusoma uzamivu. (Neno hili latokana na kuzama, nalo lawafaa zaidi watu wa pwani kuliko sisi wa nyanda za juu, ambao wengi wetu hata kuogelea hatujui.) Mumewe hakukataa, lakini alikuwa na hofu.

“Mzee wetu,” alisema, “mama watoto akienda Dar es Salaam miaka mitatu minne, nyumba nitamwachia nani? Na akirudi daktari, atakubali kurudi darasani?”

Swali la pili lilitupendeza, kwa sababu ndilo lenye uzito. Tumeona watu wengi wakisomea shida za watoto, na mara wapatapo shahada hupewa ofisi yenye zulia, wasimwone mtoto tena. Elimu kama hiyo hatuwezi kuiombea dua.

Tukamwuliza bibi anataka kuchunguza jambo gani. Akatueleza habari za mvulana mmoja. Shuleni alihesabiwa mjinga, wa mwisho katika kila mtihani. Madrasa, kumbe, amehifadhi juzuu Amma mbele ya wenziwe wote. Bibi alipoketi naye na kumfundisha fumbo moja kwa mdomo, kisha akampa jingine la namna ile ile, mtoto alilifungua. “Sasa mimi niandike nini katika ripoti yake?” alituuliza. “Vipimo nilivyofundishwa chuoni vyaniambia mtoto huyu hana kitu.”

Wala si yeye wa kwanza kukutana na hilo. Karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg wa Marekani na wenziwe waliwapima mamia ya watoto wa shule, wakawafundisha kwa muda mfupi jinsi ya kuyaendea maswali, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima nyuma mara ya pili. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2002. Kipimo cha mara moja, kilichotungwa mbali, chaweza kumficha mtoto badala ya kumdhihirisha. Lakini wageni wale walimaliza uchunguzi wao wakaenda zao. Mvulana wa Ilomba ahitaji mtu atakayekuwapo muhula ujao, na ule wa baada yake.

Kwa hiyo tulimwambia mumewe kwamba mkewe hana haja ya kwenda kuishi mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kina kituo hapa Mbeya, na mtu aweza kuandika tasnifu yake akiwa kwake. Hatukumficha taabu zake. Atasoma baada ya Isha, watoto wakiisha lala. Msimamizi wake huenda akawa mbali. Na mkuu wa shule asipompunguzia vipindi, atachoka kabla ya sura ya pili. Tulisema pia, ingawa hatukuulizwa, kwamba mume aweza kuinjika chai mwenyewe, na binti zao wasigeuzwe watumishi wa shahada ya mama yao.

Bwana yule alinyamaza kitambo. Kisha akatoa kalamu mfukoni akauliza ada ni kiasi gani kwa mwaka, na kama yaweza kulipwa kwa mafungu.