Kila Kampuni Ina 101 Yake

Kazi yangu ni simu za maofisini. Za mkononi zina wenyewe. Mimi hufunga na kutengeneza mitambo inayoifanya simu ya karani wa stoo ilie mtu anapobonyeza tarakimu tatu, na miaka ya karibuni nimeongezewa mifumo ya ujumbe ambayo wafanyakazi huandikiana wakiwa kazini. Wateja wangu wengi wako Thika na Ruiru: viwanda vya vyakula, nguo, karatasi na plastiki, shule za bweni, hospitali ndogo, sacco, na kampuni za uchukuzi ambazo malori yake hulala upande wa Garissa Road. Ndani ya kampuni moja kazi hii haina makuu. Mambo huanza siku kampuni mbili zinaponiita pamoja na kusema zinataka mifumo yao izungumze.

Nitaeleza kisa kimoja kwa sababu kina karibu kila kitu. Kiwanda cha vyakula cha Thika hununua maboksi kwa kiwanda cha Ruiru, majina nayaacha. Kati yao ni kama kilomita 20 za Thika Road, na siku barabara ikiwa wazi lori hufika kabla baruapepe ya kulitangaza haijafunguliwa. Tatizo lilikuwa getini. Lori likija na hati ya mzigo yenye idadi tofauti na iliyo kwenye LPO, yaani oda ya ununuzi, mlinzi alipigia mapokezi, mapokezi wakamtafuta mtu wa stoo, wa stoo akamtafuta mnunuzi, naye mnunuzi akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akatumia kredi yake mwenyewe, kumpigia karani wa Ruiru ambaye nambari yake alipewa na mtu aliyekwisha kuacha kazi. Muda wote huo dereva ameshazima injini na kuvuta kofia usoni.

Nilipokagua pande zote mbili nilikuta mitambo haina ubaya wowote. Yote miwili inaongea SIP, itifaki ya simu za intaneti ambayo toleo lake linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka 2002. Sanduku la Ruiru ni la bei nafuu, na ndani yake kuna Asterisk, programu ya bure aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, ambayo imejaa katika ofisi za nchi hii bila wenye ofisi kujua. La Thika ni la gharama na lina nembo ya kung'aa. Kwa lugha wanayozungumza, ni ndugu. Ukinisikiliza mimi, nitakwambia kwamba tangu nianze kazi hii sijakuta kampuni mbili zilizoshindwa kuungana kwa sababu ya mashine. Kinachokwamisha ni nani atambuliwe kwa nambari gani, nani aruhusiwe kumfikia nani, na nani afute jina la mtu akiondoka.

Anza na nambari. Mapokezi ya Thika ni 101. Mapokezi ya Ruiru ni 101. Stoo ya Thika ni 110, na 110 ya Ruiru ni meza ya mhasibu. Hakuna aliyeiga mwingine. Kila fundi anayefungua sanduku jipya huanzia 101 kwa mapokezi, halafu akapanda. Chini ya nambari hizo kulikuwa na jambo baya zaidi. Mafundi wawili wasiojuana walikuwa wameacha anwani za ndani za mtandao jinsi zilivyotoka kwa mtengenezaji, yaani 192.168.1 na kuendelea, pande zote mbili. Ukifungua njia ya siri kati ya mitandao miwili ya namna hiyo, rauta ya Thika ikiulizwa iliko 192.168.1.20 hujibu: hapa hapa kwangu. Swali halitoki nje ya ukuta.

Mkutano wa kuamua nani abadilishe ulikuwa mrefu kuliko kazi yenyewe. Watu wa Thika ndio wanunuzi, na mnunuzi hudhani dunia inaanzia kwake. Mhasibu wa Ruiru, mzee mpole aliyekuwa amenyamaza tangu chai iletwe, akasema, "Sisi tulikuwa na 101 kabla hao hawajajenga hilo geti lao." Wakacheka, lakini aliyekubali kubadilisha hakupatikana. Basi hakubadilisha mtu. Aliye Thika akitaka Ruiru huanza na 8, aliye Ruiru akitaka Thika huanza na 7, kisha nambari ya ndani kama wenyewe wanavyoijua. Mapokezi ya Ruiru yakawa 8101 kwa jirani na 101 nyumbani. Kwa zile anwani zilizogongana, niliweka kifaa mpakani mwa kila upande, sisi mafundi tunakiita SBC, ambacho huficha anwani za ndani na kuonyesha nje anwani nyingine kabisa. Nje hakuna anayejua kwamba majirani hawa wanaishi nyumba yenye nambari ileile.

Siku ya kujaribu, simu ya Ruiru ililia. Karani wa kupakia mizigo, mama ambaye kila mtu pale humwita Madam, akainua.

"Halo? Halo?" Akanigeukia. "Kijana wa simu, hii kitu yako ni bubu."

"Madam, wao wanakusikia?"

Thika walikuwa wanamsikia vizuri sana, hadi feni ya mezani kwake. "Basi mimi ndiye nimewekewa ukuta," akasema, akairudisha simu mahali pake kwa heshima, kama anayerudisha sahani yenye chakula kibichi.

Ugonjwa huu wa sauti ya upande mmoja huwasumbua sana mafundi wa simu za intaneti. SIP haibebi sauti. Hupanga tu: fulani anakutaka, uko tayari, utapokelea wapi. Sauti yenyewe hupita njia nyingine, yenye anwani na milango yake. Sasa rauta nyingi zinazogawiwa na watoa huduma huwa na kipengele kiitwacho SIP ALG, kilichobuniwa kusaidia: hufungua ule ujumbe wa mipango na kusahihisha anwani zilizomo. Mpakani tayari kuna kifaa kilichozisahihisha. Zikasahihishwa mara ya pili, sauti ya kwenda kwa Madam ikawa inapelekwa kwa anwani ambayo haipo. Nilikizima kipengele hicho, tukapiga tena, na mara hii mazungumzo yalianza kwa Kikuyu na yakaendelea bila mimi. Mnunuzi na karani walikuwa wakijuana kwa sauti muda mrefu, lakini hawakuwahi kuongea bila mmoja wao kuhesabu kredi.

Zamani ningewauzia kazi hii kwa hoja ya gharama. Mwaka 2010, tume ya mawasiliano iliposhusha ada ambayo mtandao hulipa kwa simu yake kupokelewa na mtandao mwingine, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika, vita vya bei vilizuka na hatujarudi tulikokuwa. Kabla ya hapo meza ya mnunuzi ilikuwa na simu mbili au tatu, kila moja na laini yake, ili asivuke mpaka wa mtandao. Mwaka 2011 tukaruhusiwa kuhama mtandao na nambari zetu. Machi 2024 ile ada ilishushwa hadi senti 41. Anayekuja siku hizi kuniuzia mtambo kwa kunionyesha jedwali la akiba ya simu namkaribisha chai tu. Siku hizi kampuni zinalipia kumpata mtu sahihi, na kubaki na kumbukumbu ya alichosema.

Hapo ndipo ujumbe unapoleta taabu kuliko sauti. Thika walikuwa na Microsoft Teams. Ruiru walikuwa na WhatsApp, kama karibu kila mtu. Teams ya kampuni moja inaweza kuongea na Teams ya kampuni nyingine, na msimamizi akitaka huruhusu kampuni fulani tu na kuwafungia wengine. Lakini Ruiru wangelipia leseni za nini, na kila mmoja ana WhatsApp mkononi? Sina jibu la kuwashinda. WhatsApp imeunganisha viwanda vya Thika na Ruiru kuliko fundi yeyote, na imefanya hivyo kwa kuviruka viwanda vyenyewe. Kinachounganishwa ni simu ya mtu na simu ya mtu. Maagizo ya maboksi ya miaka kadhaa, picha za mizigo iliyoharibika, "sawa boss" zilizogeuka kuwa makubaliano ya bei, zote zilikuwa kwenye simu ya karani mmoja wa Thika. Alipopata kazi Athi River aliondoka na simu yake, kama ilivyo haki yake. Mwezi uliofuata Ruiru walidai nyongeza ya bei waliyosema ilikubaliwa, na Thika hawakuwa na hata mstari mmoja wa kuonyesha. Walilipa.

Kuna wakati nilidhani hili la mifumo ya ujumbe kutoelewana litajimaliza lenyewe. Mwaka 2006 Google ilifungua mfumo wake wa Talk kwa itifaki ya wazi ya XMPP, ikawa mwenye seva yake ndogo ofisini anaweza kuandikiana na mwenye akaunti ya Google, kama ilivyo kwa baruapepe. Ilipofika 2013 kampuni hiyo ilileta Hangouts, na mlango ukaanza kufungwa. Sisi Wakenya tuna kisa chetu cha upande wa pili. Hadi 2018, ukimtumia mtu wa mtandao mwingine pesa kutoka M-Pesa, hakupata kitu kwenye akaunti yake; alipata ujumbe wenye tarakimu za siri, akaenda nao kwa wakala wa mtandao wako. Aprili ya mwaka huo pesa zikaanza kuingia moja kwa moja. Uwezo wa kiufundi haukuzaliwa Aprili hiyo; serikali na mdhibiti walikuwa wamesukuma. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya masoko ya kidijitali sasa inailazimisha WhatsApp kufungulia wenzake mlango. Haifiki Ruiru. Nilichofanya ni kuhamishia mazungumzo ya ununuzi kwenye nambari ya WhatsApp ya kampuni ya Thika, iliyounganishwa na seva yao, ili karani akiondoka mazungumzo yabaki. Kuna masharti: zikipita saa 24 tangu mwenzako aandike, huwezi kumwandikia utakavyo, ni mpaka utumie ujumbe wenye muundo ulioidhinishwa. Madam anaona hilo ni dharau. Simlaumu.

Sauti, kwa upande wake, ilikuja kujitetea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Jumatatu asubuhi Teams ilikuwa inazunguka tu, kwa kuwa hata ujumbe wa kutoka meza moja ya Thika kwenda nyingine hupitia seva zilizo mbali. Zile nambari za 7 na 8 ziliendelea kulia kama kawaida, maana njia yake haitoki Kenya. Hili nalo lina historia. KIXP, kituo cha Nairobi ambako watoa huduma hubadilishana data ya humu nchini, kilianzishwa mwishoni mwa 2000 kikafungwa baada ya wiki chache kwa malalamiko ya Telkom, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha data kimataifa, kikafunguliwa tena 2002. Bila kituo hicho, data kutoka mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda mwingine ilipandishwa kwa setilaiti na kuzunguka ng'ambo kabla ya kurudi mtaa wa pili.

Kuunganishwa kuna hatari zake, nami siwafichi wateja. Mlango wa SIP ukiachwa wazi hupekuliwa usiku na mchana na programu za wezi, na nywila ya ekstensheni 101 ikiwa ni 101, wikendi moja yatosha kupigiwa simu za nchi ambazo bosi hajawahi kuzisikia, bili ikaja kwake. Kwa hiyo mpakani naruhusu anwani ya jirani tu, na simu kutoka kwa jirani haiwezi kutoka tena kwenda nje. Ukiunganishwa na mtu, umerithi pia uzembe wake.

Kilichobaki ni rekodi. Mtambo wa Thika hurekodi kila simu ya idara ya ununuzi, na tangu tuunganishe, humo mna sauti ya Madam, ambaye si mfanyakazi wao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kujua kwamba anarekodiwa na kwa sababu gani, na inataka rekodi isikae kupita muda ambao sababu hiyo inahitaji. Ruiru wanataka rekodi zifutwe baada ya siku 30. Wakaguzi wa hesabu wa Thika, wakikumbuka ile nyongeza ya bei, wanataka zikae hadi mwaka wa hesabu ufungwe. Kwa sasa nimezima kurekodi kwa simu zote za 7 na za 8. Kila mwisho wa mwezi wakaguzi hunipigia kuuliza nitawasha lini, nami nawaambia nasubiri karatasi moja yenye sahihi mbili.