Bunduki Yangu ya Kwanza

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando. Hapa Texas wenzangu kazini hulenga shabaha kila Jumamosi, nami nikatamani bunduki yangu. Nilikuwa na dola 700, na nyumbani karo ya mdogo wangu ilikuwa ikisubiri. Roho ilitaka AR-15, lakini hesabu ikakataa: ingemeza pesa zote, na risasi zake ni ghali kuliko za .22. Nikanunua Ruger 10/22 iliyotumika, kwa chini ya dola 300. Ni muundo wa mwaka 1964. Hujipakia yenyewe kila ukifyatua, na magazini yake hubeba risasi 10. Nikaongeza miwani na vizibo vya masikio, zilizobaki nikatuma Nyeri. Shabaha bado nazikosa, lakini mdogo wangu yuko darasani.