Elfu Themanini za Watu

Msimu uliopita nilikuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa ligi ya watu kumi na sita. Vyeo viwili nilivimudu. Cha tatu kiliniumbua.

Nimepanga chumba Ng'ambo, hapa Tabora. Jumamosi mchana vijana wa mtaa wanaelekea kibanda umiza kuangalia mpira wa Uingereza, na kila mmoja pale ni kocha. Ubishi ulipozidi nikasema basi, tuanzishe ligi ya fantasi tuone nani anajua. Tukajiandikisha wanachuo kumi, bodaboda watatu, muuza chipsi, mwenye kibanda na fundi baiskeli.

Kwa asiyeujua mchezo: unapewa pauni milioni 100 za hewani, unanunua wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka timu moja. Wakifunga kweli uwanjani, wewe unapata pointi. Nahodha wako anahesabiwa mara mbili. Ukibadilisha wachezaji kuliko unavyoruhusiwa, unakatwa pointi nne kwa kila aliyezidi. Hivyo hivyo kwa raundi 38, Agosti hadi Mei.

Fundi alikuwa na kitochi, kwa hiyo kila Ijumaa jioni nilipita kijiweni kwake, ananitajia kikosi huku anaziba pancha, mimi naingiza kwenye simu yangu. "Mwalimu, huyo beki mtoe, wiki hii wanakwenda kwa Man City." Yeye ni Aston Villa tangu Januari 2020, Mbwana Samatta alipokwenda kule na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Samatta aliondoka, fundi akabaki.

Nilidhani kazi kubwa ingekuwa muda. Vikosi vinafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Wakati wa baridi kule Uingereza, mechi ya mapema ya Jumamosi kwetu inaanza saa tisa na nusu, kwa hiyo mwisho ni saa nane mchana. Machi ikiisha Waingereza wanasogeza saa zao mbele, mwisho unakuwa saa saba. Niliandika kwenye grupu mara tatu. Bado watatu walikuja saa saba na nusu wakakuta pamefungwa, wakaninunia wiki nzima kama vile saa nimezisogeza mimi.

Lakini kununiwa ni jambo dogo. Kila mtu alikuwa ametoa buku tano ya kiingilio. Jumla elfu themanini: hamsini za mshindi, ishirini za wa pili, kumi za wa tatu. Zote zilikaa kwenye simu yangu, maana mimi ndiye mwalimu, nani angeniuliza?

Februari boom lilikuwa limekata na mama mwenye nyumba anataka kodi. Nikachukua elfu thelathini. Nikajiambia nimekopa, boom likiingia narudisha. Boom likaingia, likaenda kwenye madeni mengine, stationari na tumbo. Sikuamka siku moja nikaamua kuiba. Niliendelea tu kusema wiki ijayo, na Mei ikafika.

Zikiwa zimebaki raundi mbili nilimwambia fundi peke yake. Nilitarajia atanikopesha, au walau atasema ni jambo la kibinadamu. Aliendelea kukaza spoku. Kisha akasema, "Kijana, babu zetu hapa walibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka Bagamoyo. Wewe elfu themanini ipo mfukoni na imekushinda. Kesho wazazi watakupa michango ya shule, utasema boom limechelewa?" Akaongeza kwamba niwaambie mwenyewe kabla hawajaniuliza.

Niliwaambia siku ya mechi za mwisho, pale pale kibandani, televisheni ikiwa bado inawaka. Mshindi alikuwa muuza chipsi. Nilimpa hamsini zilizobaki. Thelathini za wa pili na wa tatu nililipa baada ya wiki tano, kwa hela ya twisheni ya watoto wa kidato cha pili. Wengi walicheka, wakanitania kwa jina la mwekahazina mpaka likazoeleka. Bodaboda mmoja hakucheka. Alisema yeye siku nzima anabeba abiria na mabegi yao na hajawahi kufungua begi la mtu. Akajitoa kwenye grupu.

Msimu huu tumeanza upya. Hela anashika fundi, daftari la malipo analo muuza chipsi, na kila mwisho wa mwezi zinahesabiwa mbele ya watu wote. Mimi nimebaki na pointi na kukumbusha saa. Haya yote yangewezekana tangu mwanzo, ila tulipokuwa marafiki tuliona kuwekeana utaratibu ni kutoaminiana. Sasa naona kinyume chake. Utaratibu ungenilinda mimi kuliko wao.

Yule bodaboda nilimpigia Agosti kumwambia ligi inaanza. Aliniuliza hela anashika nani. Nikamtajia fundi. Akasema atafikiria. Raundi zinakwenda na hajajiunga. Nafasi yake tumeiacha wazi, na sijaona sababu ya kumlaumu.