Safari ya Maulidi: kutoka Mbwajumali hadi Riyadha

Mjukuu wangu, kijana wa shule ya sekondari, aliniuliza mwaka huu, tena kwa adabu, iwapo Maulidi ya Lamu yalianzishwa na watu wa utalii, kwa kuwa kila ayaonapo katika simu yake huona mashindano ya punda, mashindano ya majahazi na wageni wenye kamera. Sikumlaumu, maana hayo ndiyo aonyeshwayo. Lakini swali lile lilinichoma moyo, nami nimeona ni wajibu wangu kueleza jinsi sisi watu wa Mbwajumali, kisiwani Pate, tulivyokuwa tukienda Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, kabla hawajamalizika wale waliokwenda kwa tanga.

Katika miaka ya hamsini safari ilianzia jikoni, siku kadha kabla ya chombo kushushwa, mama zetu wakioka mikate ya mofa na kukausha samaki wa njiani, na kanzu zikifukizwa udi na kufungwa ndani ya shuka ili zisipigwe na maji ya chumvi. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, huzunguka misimu yote, basi mwaka wa kaskazi upepo ulikuwa nyuma yetu na safari ikawa ya furaha. Ama mwaka wa kusi nahodha alilazimika kubisha, kwenda mrama na kurudi, hata watoto tukatapika na wazee wakashika uradi. Fauka ya hayo, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakitoka, na mara nyingi tulilala baina ya mikoko, mbu wakituuma, tukingoja maji yajae, na usiku huo wazee walisoma kasida mpaka alfajiri. Mimi naamini kwamba ziyara yenyewe ilianzia pale.

Mjini Lamu, katika Usita wa Mui, palikuwa na mzee mpika halwa ambaye siwezi kuikumbuka Lamu bila ya kumkumbuka yeye. Alikaa mbele ya sufuria kubwa ya shaba, akikoroga wanga, sukari na samli kwa mwiko mrefu kama kafi, asiseme na mtu mpaka halwa ianze kuachana na sufuria, na hapo ndipo alipotia iliki na zafarani. Harufu ile ikatoka ikapita vichochoro vyote, ikachanganyika na udi wa majumbani na moshi wa dele za kahawa, hata mtu aliyeshuka pwani alijua kwa pua yake kwamba siku kuu imekaribia. Mtoto aliyetoka visiwani alimkatia kipande kwanza, ndipo akamuuliza: “Mwanangu, umetoka mui gani? Umeshasalimu Riyadha?” Aliyejibu kwamba bado aliambiwa aende kwanza, na halwa atairudia. Leo mahali pale panauzwa fulana zenye picha za punda.

Msikiti wa Riyadha, ulioko Langoni, ulijengwa na Habib Swaleh bin Alawi Jamalilleil, sharifu aliyezaliwa Ngazija. Mwaka wa kujengwa nimeutafuta: wengine huandika 1892, wengine 1901, tuuache. Lililo thabiti ni kwamba aliwafungulia darsa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwafungulia, nao ni watumwa na wana wa watumwa, Wahadrami waliokuja mikono mitupu, na maskini wa nyumba za makuti. Na kwamba aliposomesha Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, huko Hadramaut, matari yalipigwa msikitini, na baadhi ya wakubwa wakakirihika. Baada ya kufariki kwake wanawe na wajukuu waliendeleza ilmu ile, wanafunzi wakaja kutoka Ngazija, Tanganyika na Uganda, na mwalimu aliyenifundisha mimi alifu na be alikuwa ametoka hapo. Sisi wageni tulipewa malazi na chakula bila ya kuulizwa ukoo, na baina ya magharibi na isha tulikaa chini kusikiliza darsa, wakubwa kwa watoto.

Baadaye zikaja mashine, tanga zikatunguliwa. Zikaja boti za mwendo, na mwaka 2001 mji wa Lamu ukatiwa katika urithi wa dunia. Sasa mtu huondoka kwao Ijumaa asubuhi na kurejea siku ile ile. Watu ni wengi kuliko zamani, alhamdulillahi, lakini wakati wa kusimama kiyamu, pale ambapo mikono yetu ilitulia kwa taadhima, nimeona simu zimeinuliwa juu safu nzima, na darsa za kabla ya siku kuu husikilizwa na wachache.

Nawasihi wazazi wa Mbwajumali, Kizingitini na Faza: wapelekeni watoto siku tatu kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Mfungo Sita, wakae darsani, walizuru kaburi la Habib na kuyafuata maandamano ya zefe kwa miguu, na mashindano ya punda wayatazame baadaye.