Anaimba Kiwelisi, bibi yake anauliza

Binti yetu ana miaka saba. Nyumbani anaongea nasi Kiswahili, mtaani anaongea Kiingereza, na akiwa bafuni anaimba Kiwelisi, lugha ambayo mimi na baba yake hatukuwa na neno lake hata moja siku tunahamia Cardiff.

Wengi mkisikia Cardiff mnajua ni Uingereza, basi. Lakini Wales ni nchi yenye lugha yake, na lugha hiyo si Kiingereza cha kijijini. Ni mojawapo ya lugha za Kikelti. Ndugu zake wa karibu ni Kibretoni cha Ufaransa na Kikornishi cha Cornwall. Binamu zake ni Kigaeli cha Uskoti na Kiairishi. Ukimsikia mtu akihesabu kwa Kiwelisi hutambua chochote, hata kama Kiingereza chako ni cha chuo kikuu.

Tulipofika wakati wa kumwandikisha shule, karibu na kwetu zilikuwepo mbili: moja inafundisha kwa Kiingereza, nyingine kwa Kiwelisi. Mimi nilitaka ya Kiwelisi. Mume wangu alinitazama kama mtu aliyepoteza nauli. "Tumevuka bahari mtoto akajifunze lugha inayosemwa na watu nusu milioni?" Hesabu yake ilikuwa sahihi. Sensa ya 2021 iliwakuta wasemaji wapatao 538,000, yaani chini ya mtu mmoja kati ya watano katika Wales. Tulibishana wiki nzima. Kilichomlainisha ni kwamba shule hizi hufundisha Kiingereza pia, watoto wakishakua kidogo, na wanamaliza wakiwa na lugha zote mbili.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine, na ilitokana na kibao. Karne ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyekamatwa akiongea Kiwelisi alivishwa kipande cha mbao shingoni. Akimsikia mwenzake akiteleza, anamhamishia. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Msomaji uliyesoma Kenya, au katika baadhi ya shule zetu za Kiingereza hapa Tanzania, sina haja ya kukueleza zaidi. Unakijua kibao hicho, pengine bado unakumbuka uzito wake. Niliposoma habari hiyo nikajiambia, watu waliovishwa kibao kisha wakajenga shule zao wenyewe, hao nataka wamfundishe mwanangu. Shule ya msingi ya kwanza ya Kiwelisi ilifunguliwa Aberystwyth mwaka 1939 ikiwa na watoto saba. Saba tu!

Basi mtoto akaanza, na nyimbo zikaingia nyumbani. Kwanza ule wa farasi mdogo anayebeba watu kuvuka mlima kwenda kutafuta njugu, ambao mtoto anarushwarushwa magotini. Magoti ya baba yake yaliteseka. Kisha nyimbo za kuhesabu, za mvua, za kanisani. Nikaanza kuuliza wanatoka wapi watu hawa wenye nyimbo nyingi hivi, na kila nilipogusa nikakuta familia.

Wimbo wa taifa wa Wales, kwa mfano, ulitungwa mwaka 1856 katika mji wa Pontypridd na baba na mwanawe: Evan James aliandika maneno, James James akatunga muziki. Ukienda Ireland, kundi la Clannad, lililofika nafasi ya tano kwenye chati za Uingereza mwaka 1982 kwa wimbo wenye maneno ya Kiairishi, lilikuwa la ndugu wa tumbo moja na wajomba zao mapacha, kutoka Donegal. Walianzia kuimba kwenye baa ya baba yao. Huko Ufaransa, mwaka 1953, baba mmoja wa Kibretoni alitengeneza upya kinubi cha kale ambacho hakuna aliyekuwa akikipiga tena, akampa mwanawe wa miaka tisa. Mtoto huyo ni Alan Stivell, na mwaka 1972 alikipiga katika ukumbi wa Olympia, Paris.

Ninayempenda kuliko wote ni Gwenno, binti wa hapa hapa Cardiff. Kikornishi kilikuwa kimenyamaza vinywani mwa watu tangu karne ya 18, kikaja kufufuliwa na wapenzi wachache karne ya 20. Baba yake, mshairi Tim Saunders, aliamua kuwa ndicho atakachoongea na watoto wake nyumbani. Hebu fikiria majirani walivyosema. Mwaka 2018 Gwenno akatoa albamu nzima ya Kikornishi, na si nyimbo za makumbusho. Ni muziki wa vinanda vya umeme, wa kuchezeka.

Nami nataka kuwa mkweli hapa, maana kwenye mambo ya lugha watu hupenda kupambana na hisia. Nyimbo peke yake haziokoi lugha. Mwaka 2022 Wales ilifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1958, na uwanja mzima ukawa unaimba wimbo wa Dafydd Iwan wa mwaka 1983, ambao jina lake maana yake ni "bado tupo". Mzee mwenyewe alikuwepo akiimba, machozi yakimlengalenga. Lakini wengi waliokuwa wakipiga kelele pale hawawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo. Kati ya sensa ya 2011 na ya 2021 wasemaji walipungua kwa zaidi ya 20,000, na kwaya hazikupungua kelele. Baba yake Gwenno hakumwimbia tu. Alimwambia avae viatu, amalize chakula, aache kumpiga dada yake, vyote kwa Kikornishi.

Hapo ndipo swali la mama yangu lilipopata mahali pa kunichoma. Yuko Same, tunaongea naye kwa simu ya video kila Jumapili. Binti yangu alimwimbia wimbo wa farasi hadi mwisho, akapigiwa makofi. Kisha mama akauliza, kwa upole wake ule ambao sisi watoto wake tunauogopa kuliko fimbo: "Na cha kwetu anaimba upi?"

Cha kwetu ni Kipare. Mimi nimekulia Morogoro, baba alikuwa mtumishi wa serikali, na nyumbani tuliongea Kiswahili kama nyumba nyingi za watumishi. Kipare nakisikia chote, nakijibu nusu. Nikamwambia, "Mama, huku hakuna wa kuongea naye." Akasema, "Si upo wewe?"

Mume wangu, ambaye ni Mnyakyusa, alicheka mpaka simu ikaanguka. Nikamkumbusha kuwa swali hilo hilo linamsubiri Tukuyu.

Tangu wakati huo mama anatuma wimbo mmoja kila wiki kwa sauti ya WhatsApp. Wa kwanza ulikuwa wa kutwanga mahindi. Binti akataka kujua kinu ni nini, nikamwonyesha picha, akatafuta ndoo ya plastiki na mpini wa ufagio. Nikamwambia kule Uskoti, visiwani, akina mama walikuwa wakikaa kuzunguka meza wakipiga kitambaa cha sufu kizito kwa mikono ili kishikamane, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Akasema, "Kama bibi." Ndiyo, kama bibi.

Sasa siku za Alhamisi, kuanzia chakula cha jioni hadi kulala, naongea naye Kipare. Kinachechemea. Nikikwama naandika neno kwenye karatasi ya mlango wa friji, Jumapili tunamuuliza bibi. Wiki iliyopita karatasi ilikuwa na maneno kumi na moja, likiwemo la mswaki, ambalo mama alilifikiria kwa muda mrefu, kisha akaita jirani yake dirishani, wakabishana.

Nimemuuliza anazo nyimbo ngapi. Anasema za watoto anakumbuka kama ishirini, na nyingine haziimbwi mbele ya watoto wala kwenye simu. Hizo, anasema, nizifuate mwenyewe Same, na nisikawie.