Dar es Salaam, Mji wa Watani

Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya Dar es Salaam na kutandaa Jangwani kabla haujaingia baharini. Barabara iliyobeba jina lake, pale Kariakoo, ndiyo yenye jengo la klabu ya Simba. Masika yakikolea, mto huohuo hujaa, ukavuka kingo zake na kuwaingilia Yanga, watani wa Simba, nyumbani kwao, Mtaa wa Twiga na Jangwani, ukaugeuza uwanja wao wa Kaunda kuwa bwawa. Ndiyo maana mashabiki wa Simba huwaita wenzao vyura. Kutoka jengo moja hadi jingine ni mwendo mfupi wa miguu, na katika kipande hicho cha mji ndimo ulimolelewa ugomvi mtamu kuliko yote ninayoyajua Afrika Mashariki.

Yanga ilianza mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa timu ya pili, iliyokuja kuitwa Sunderland na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Tangu hapo ukoo umegawanyika, baba huku na mtoto kule, mke kijani ya Yanga na mume nyekundu ya Simba, na bado wanakula sahani moja. Naipenda Dar kwa mengi, lakini kwa hili naipenda zaidi: ni mji unaojua kushindwa hadharani. Hapa mtu akifungwa haachwi peke yake. Anachekwa, anavutiwa kiti, na anaulizwa anakunywa nini.

Njoo siku ya mechi ya Simba na Yanga, uanzie Kariakoo asubuhi. Jezi za kijani na njano zimetundikwa bega kwa bega na nyekundu na nyeupe, mara nyingi na mchuuzi mmoja. Ukimwuliza yeye ni wa wapi, atatazama kwanza umeshika jezi ipi. Kwenye vijiwe vya kahawa, wazee wenye kofia na kanzu wanashushia kashata kwa kahawa chungu huku wakipanga vikosi vya timu zote mbili. Hapo hakuna bia wala haitakuwapo, lakini mazungumzo ni yaleyale yatakayosikika baa jioni: nani ataanzia benchi, refa ni wa kutoka wapi, kocha gani hatamaliza mwezi.

"Shikamoo mzee. Leo vipi?"

"Marahaba, mwanangu. Leo mnakufa nyingi."

Vijana wa bodaboda, hatua chache kutoka hapo, wana hesabu nyingine. Wamesuka mikeka yao ya kubeti tangu juzi. Mmoja ana timu kumi na mbili: tatu za Uingereza, mbili za Ujerumani, nyingine za Uturuki ambazo hajawahi kuziona zikicheza, na mwisho kabisa Yanga ashinde. Ameweka buku, zikitiki zote atavuna laki na ushee. Mwenzake anamsihi aitoe dabi kwenye mkeka. Dabi haina mwenyewe, anamwambia, weka GG, kila mtu apate bao, ulale usingizi. Wanabishana kwa dakika ishirini juu ya shilingi elfu moja, na katika ubishi huo utasikia elimu ya mpira ambayo redio nyingi hazina: nani ana kadi mbili za njano, beki gani hugeuka polepole akishambuliwa kwa kushoto, timu ipi imesafiri kwa basi usiku kucha.

Mchana mji wote huelekea Temeke. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, unabeba watu 60,000, na mwaka 2020 ukapewa jina hilo la rais mstaafu baada ya kifo chake. Mashabiki husema tu "kwa Mkapa", au Lupaso, kijiji alikozaliwa. Pembeni yake upo Uwanja wa Uhuru, ambao watu wa mjini wanauita Shamba la Bibi. Hapo ndipo bendera ya Tanganyika huru ilipopandishwa Desemba 1961. Mgeni asipite bila kuutazama. Nje ya mageti kuna mishikaki, mihogo ya kukaanga, mavuvuzela, na watu waliotoka Mwanza na Mbeya kwa mabasi wakiwa bado na mabegi mgongoni. Mechi yenyewe sitaisimulia. Mara nyingi huwa ngumu, yenye faulo nyingi na mabao machache, na uzuri wake mkubwa huanza filimbi ya mwisho ikishalia.

Jioni, basi, nenda Sinza, Tabata, Mwananyamala, au bakia hukohuko Temeke. Tafuta baa yenye viti vya plastiki nje, jiko la nyama choma mlangoni na televisheni iliyotundikwa juu ya kaunta. Mhudumu atakuja na swali linalowashangaza wageni: ya moto au ya baridi? Wapo wazee wengi wanaoinywa bia yao ya moto, yaani isiyopita kwenye friji, na watakueleza kwa uzito wote kwamba baridi inaua ladha na inaumiza kifua. Halafu kila mtu anataja yake. Safari ni ya watu wazima, wanaosema bia lazima isikike mdomoni. Kili inapendwa na waliokuja kukaa muda mrefu. Wa Serengeti hawataki kusikia nyingine, Ndovu ina watu wake watulivu, na mtu wa Kanda ya Ziwa akiiona Balimi hupaza sauti kana kwamba ameona ndugu. Mabishano haya yana joto lilelile la mpira. Mimi nasimama na Safari, ya baridi, pamoja na ndizi za kuchoma na pilipili ya kutosha.

Chupa tupu haziondolewi mezani upesi. Zinabaki zimejipanga, ili hesabu iwe wazi kwa wote, na kwenye kila meza yupo mtu mmoja anayezilinda asije mhudumu akaongeza moja isiyonywewa.

Hapo ndipo aliyefungwa anapofika. Amechelewa kwa makusudi, amevaa shati juu ya jezi. Meza nzima inamwona kabla hajavuka barabara.

"Karibu mtani! Jezi mbona umeificha?"

"Nasikia baridi."

"Baridi Dar? Dada, mletee mtani bia ya moto, anasikia baridi."

Anacheka, kwa sababu hana njia nyingine, na bia inakuja kwa gharama ya aliyemcheka. Kanuni hii haikuandikwa popote na haivunjwi ovyo: ukimtania sana, umnunulie. Ina mizizi mirefu kuliko mpira. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani ambao mmoja anaweza kuingia msibani kwa mwenzake, akamkejeli marehemu, na wafiwa wakapata nafasi ya kucheka katikati ya machozi. Dar imeichukua akili hiyo ya zamani na kuivalisha jezi. Ndiyo sababu mashabiki 60,000 waliochanganyika wanaweza kutoka uwanjani, wakapanda daladala zilezile na kufika salama.

Nimeona nguvu ya jambo hili baada ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1. Kwa siku nyingi kiganja kilichofunguliwa, vidole vitano, kilikuwa salamu ya mjini. Muuza genge alikuhesabia nyanya tano na kutulia akikutazama. Kondakta alikurudishia chenji ya mia tano kwa sherehe. Kwa mtu wa Simba zilikuwa siku ngumu, lakini hakuwa mpweke hata dakika moja.

Sasa nirudi kwenye mikeka, maana hapo furaha yangu inaingia wasiwasi. Mkeka ukitiki, mji mzima utajua. Ukichanika, nao husimuliwa, lakini kwa namna moja tu: umechanwa na timu moja. Sijasikia mezani mkeka uliochanwa na timu tano. Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu iliifunga Yanga 2-1 kule Mbarali na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Taja Ihefu leo baa yoyote, utapata mtu atakayeshika kichwa na kusimulia mkeka wake wa siku ile, timu zote nyingine zikiwa zimetiki. Hadithi hizo ni tamu na nazipenda. Ila fedha iliyokuwa kodi ya chumba haisimuliwi. Aliyebeti hela ya bosi wa bodaboda hasimami mezani akatangaza. Utani ulioweza kubeba kufungwa mabao matano haujapata njia ya kubeba hasara hiyo, kwa kuwa mwenyewe huificha, na kijana wa miaka ishirini na mbili ananyamaza katikati ya kelele, simu chini ya meza, akitafuta mechi ya usiku huko Amerika Kusini imrudishie alichopoteza.

Wenye meza nzuri wanamwona. Kuna mzee mmoja niliyemkuta Tabata, fundi seremala na mtu wa Yanga tangu utoto, ambaye akiona hivyo hunyoosha mkono. "Leta simu hapa. Kula nyama kwanza, mjukuu wangu." Kijana huitoa. Mzee huiweka kifudifudi karibu na chupa yake na kuendelea na habari za mwamuzi. Sheria inakataza kumchezesha kamari mtu wa chini ya miaka 18, na bodi ya michezo ya kubahatisha ipo; lakini usiku, mezani, nimeona mkono wa mzee ule ukifanya kazi ambayo hakuna tangazo la redio linaloifanya.

Historia ya bia na kubeti unaweza kuisoma vifuani mwa wachezaji. Kuna miaka ambayo Simba na Yanga zote zilivaa jina la Kilimanjaro, bia moja kwa mahasimu wawili. Ndizo jezi za 5-0 ya Simba mwaka 2012, na za 3-3 ya Oktoba 2013, Yanga ilipokwenda mapumziko ikiongoza 3-0 na watu wa Simba wakaanza kutoka uwanjani. Mwaka 2017 SportPesa ikaingia kwa zote mbili, na mwaka 2022 Simba ikahamia M-Bet, nayo kampuni ya kubeti. Bia ilishuka kifuani, mkeka ukapanda. Fedha hiyo imesaidia klabu kulipa wachezaji wazuri, nami nafurahi kuwatazama. Ningefurahi zaidi kama sehemu nono ingerudi kwenye viwanja vya vumbi vya Mbagala na Manzese, wanakochezea watoto ambao kesho tutabishana juu yao.

Karibu na saa sita usiku meza huwa imebaki na wazee, na wazee hawana habari na mechi ya leo. Wako 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akapachika matatu peke yake. Wa Yanga anajibu kwa 1968, walipoishinda Simba, wakati huo ikiitwa Sunderland, 5-0, kisha anaongeza zile za 2023.

"Tano zenu tulipata moja. Sita zetu mlipata nini?"

"Sisi tunazo tano mara mbili. Jumlisha, mtani. Kumi."

"Na zetu za 2012 umezisahau? Sita na tano. Dada, hebu leta kalamu!"

Kalamu inaletwa, na bia nyingine mbili, moja ya moto na moja ya baridi.