Wiki ya Tano

Bumu la muhula huu lilipoingia nilinunua vifaranga 50 vya chotara. Msinicheke. Nyumbani tunasoma watatu na mama anauza mboga. Nilichoka kumpigia simu za "mama, nimekwama". Bibi mwenye nyumba niliyopanga hapa Iringa akanipa stoo yake ya uani.

Wiki tatu za kwanza sikulala. Saa nane usiku naamka kuangalia jiko la mkaa. Vikisongamana karibu na jiko, baridi. Vikikimbilia pembeni na kuhema mdomo wazi, joto limezidi. Siku ya 7 chanjo ya mdondo, ya 14 gumboro, ya 21 mdondo tena. Vilikufa viwili tu. Nikajiona bingwa.

Wiki ya tano manyoya yalikuwa yameota, miguu imerefuka, wanarukiana kifua kwa kifua. Nikasema hawa wameshakua. Nikaondoa jiko kuokoa hela ya mkaa, na ulikuwa mwezi wa sita, Iringa hii hii! Chombo cha maji kilivuja, maranda yakalowa, sikubadilisha. Kazi ya kulisha nikamwachia mjukuu wa bibi, yuko darasa la sita, mimi nikazama kwenye mitihani.

Siku ya nne akanigongea. "Kaka, kuku wanaharisha damu."

Ilikuwa koksidia. Hustawi kwenye maranda mabichi, na huwapenda sana kuku wa umri ule ule. Tulitia dawa kwenye maji, lakini ndani ya siku tano nilizika 17.

Nilimfokea yule mtoto, tena mbele za watu. Bibi alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu, "Mjukuu wangu, aliyesema wamekua ni nani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimwomba dogo msamaha, nikamwambia achague mtetea mmoja awe wake.

Wamebaki 30 wangu na mmoja wake. Sasa wana wiki nane, majogoo upanga umeanza kuwa mwekundu. Wiki ijayo naanza mazoezi ya kufundisha, na nimepangiwa kidato cha kwanza: watoto waliosoma kwa Kiswahili miaka yote, sasa tunawafundisha kwa Kiingereza kwa sababu eti wameshakua.

Nitaingia darasani nikikumbuka lile jiko nililoliondoa mapema.